Hedifoni zilizonisikilizisha pedali ya Bonham

Kuna wimbo wa Led Zeppelin, Since I've Been Loving You, kutoka albamu yao ya tatu ya mwaka 1970, ambao nimeusikiliza tangu ujana. Ni bluzi ya taratibu, zaidi ya dakika saba, gitaa linalia kama limefiwa. Nilidhani naujua wote. Siku ya kwanza kuvaa hedifoni hizi nikasikia kitu kinafanya kwiki, kwiki, kwiki. Nikazivua, nikakagua kiti. Nikakagua mlango. Kumbe ni pedali ya dramu kubwa ya mpiga dramu wao, John Bonham, inalia kama bawaba iliyokosa mafuta, na imo humo miaka yote! Sasa kila nikiuweka wimbo ule naisubiri pedali kabla ya gitaa.

Ni hedifoni kubwa za waya, zinafunika sikio zima, ila kwa nje hazikuzibwa. Zina wavu tu. Hewa inapita, masikio hayatoki jasho, na muziki hausikiki kama umefungiwa ndani ya fuvu lako. Ubaya wake ni kwamba sauti inavuja pande zote mbili. Aliye karibu nawe anasikia unachosikia, nawe unamsikia yeye. Kwenye basi usithubutu.

Jambo ambalo muuzaji hakuligusia ni ukinzani wake wa umeme, omu 250. Nilizichomeka kwenye simu, nikapandisha sauti hadi mwisho, nikaambulia mnong'ono. Simu haina nguvu ya kuzisukuma. Ilibidi nitafute amplifaya ndogo ya pembeni, na hapo ndipo zilipoamka. Ukizitaka, hesabu na hiyo kabisa.

Kwa jazi sijapata zinazozizidi. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa kwa siku mbili tu mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, katika studio ya Columbia huko New York iliyowahi kuwa kanisa, na ukubwa wa lile jengo unausikia. Saksafoni ya Coltrane iko sikio moja, ya Adderley sikio la pili, Miles na tarumbeta yake kasimama katikati. Kwenye So What, Miles anapoanza kupiga peke yake, mpiga dramu Jimmy Cobb analigonga tuazi moja kwa nguvu, kisha mlio wake unabaki ukining'inia hewani wakati wengine wanaendelea. Kwa hedifoni zangu za zamani ilikuwa "chaa" na basi. Hapa naufuata ule mlio mpaka unapozama, na mara nyingine nasahau kabisa kumsikiliza Miles, jambo ambalo mashabiki wenzangu wataniona mkosefu. (Kwa wenye matoleo ya zamani: siku ile ya Machi mashine ya kurekodia ilikwenda polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zinatoka juu kidogo ya sauti yake halisi. Toleo la mwaka 1992 ndilo lililosahihisha. Hilo halihitaji hedifoni. Jaribu tu kupiga kinanda sambamba nazo uone.)

Kwenye bluzi inategemea umeweka nini. Folk Singer ya Muddy Waters, ya mwaka 1964, ni kama iliundwa kwa ajili ya vifaa hivi: gitaa kavu bila umeme, Buddy Guy akiwa kijana pembeni yake, Willie Dixon kwenye besi, na kimya kirefu katikati ya mistari. Muddy anavuta pumzi unaisikia. Lakini Robert Johnson, nyimbo zake 29 za mwaka 1936 na 1937, hazinufaiki na chochote. Hedifoni zinaileta mikwaruzo ya santuri mbele kabisa na kumwacha mwenyewe nyuma. Yule namsikiliza kwenye spika ya kawaida.

Roki ndipo ninapozikata alama. Besi ipo, safi, lakini haikupigi kifuani. Halafu kuna stirio za miaka ya sitini: Rubber Soul ya Beatles, nyimbo nyingi waimbaji wako upande mmoja na vyombo upande wa pili. Kwenye spika unavumilia. Kwenye hedifoni ni kama sikio moja limeingia maji. Tafuta toleo la mono, lenye sauti ileile masikio yote mawili.

Mwezi wa tano sikio la kushoto likakata. Waya wa modeli hii hauchomoki, kwa hiyo hununui mwingine ukabadilisha. Ilibidi fundi afungue na kuchomelea upya. Kwa kifaa cha daraja hili huo ni uzembe.

Nazipa nne kati ya tano hata hivyo. Juzi usiku nilikuwa na The Köln Concert ya mpiga piano Keith Jarrett, ile ya 24 Januari 1975 aliyopigia piano mbovu kwa sababu iliyotakiwa haikuletwa. Mwenzangu alikuwa kando yangu anasoma, kavumilia kama robo saa, kisha akainua kichwa: "Samahani, huyo anayeguna anaumwa?"