Flowerbomb au La Vie Est Belle? Uzoefu wangu

Ukinusa manukato haya mawili, Flowerbomb ya Viktor & Rolf (2005) na La Vie Est Belle ya Lancôme (2012) kwenye vikaratasi vya dukani, dakika za mwanzo utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Si ajabu: Olivier Polge ni mmoja wa waliotunga zote mbili, na zote ni maua yaliyolazwa juu ya patchuli (majani yenye harufu nzito ya udongo) na vanila. Zinaachana zikishakauka mwilini, kwa hiyo simshauri mtu anunue kwa kikaratasi.

Flowerbomb huanza na chai na bergamoti, kisha yanaingia maua: asumini, waridi, frisia, okidi. Aliyezoea kikuba asitegemee asumini mbichi, maana hapa imezama ndani ya vanila. Kinachobaki jioni ni patchuli yenye joto na ukavu kidogo, na hiyo inapatana vizuri sana na nguo iliyofukizwa udi. La Vie Est Belle haina subira. Utamu wa pralini (karanga za sukari) unakuja mapema, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani, na ua la airisi linaongeza harufu ya poda. Asiyependa poda ataichoka haraka. Juu ya udi, mimi naona inagombana.

Kuzipima, puliza moja kila mkono, kwenye kunjo la kiwiko, kwa sababu viganja na vifundo vinanawishwa mara kwa mara. Usisugue. Nusa baada ya nusu saa, halafu baada ya saa nne. Hukumu ni hiyo ya pili. Manukato ya tatu yaache siku nyingine, pua itakudanganya.

Joto ndilo linalowaponza wengi. Kwenye unyevunyevu wa Dar es Salaam au Mombasa mwili ukichemka harufu hupanda kwa kasi, na utamu uliokaa vizuri kwenye duka lenye kiyoyozi unakuwa mzito ndani ya daladala. Mchana napuliza La Vie Est Belle mara moja tu, kifuani chini ya nguo. Flowerbomb inavumilia mara mbili. Usipoisikia tena baada ya saa moja, usiongeze: pua yako imezoea, jirani bado anaisikia. Ngozi kavu ipake kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hariri na nguo nyeupe usizipulizie, zinaweza kupata madoa.

Chupa ya mililita 30 inatosha kuanzia. Pulizo moja ni kama mililita 0.1, kwa hiyo ukipuliza mara mbili kwa siku utafika karibu miezi mitano. Iweke kabatini, mbali na jua na mvuke wa bafuni. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo chini ya chupa na ya kwenye boksi, zisipofanana, rudisha.

Kwa harusi ya usiku na buibui lililofukizwa, nachukua Flowerbomb. La Vie Est Belle naiachia miezi ya baridi, Juni hadi Agosti.