Double Indemnity (1944): mke, wakala wa bima na mguu uliovunjika

Filamu inaanza mwishoni. Walter Neff anaingia ofisini usiku, ana risasi begani, anawasha kinasa sauti na kukiri kwamba ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Kwa hiyo hakuna cha kukisia kuhusu muuaji. Dakika 107 zote ni za kutazama mpango mzuri ukifumuka uzi mmoja mmoja, na uzi wenyewe ni wa bima.

Phyllis Dietrichson (Barbara Stanwyck) anataka mumewe akatiwe bima ya ajali bila mwenyewe kujua. Neff (Fred MacMurray) ni wakala anayeijua kampuni yake nje ndani. Bima ni ya dola 50,000, ila kifungu cha fidia maradufu (ndiyo maana ya jina la filamu) kinalipa 100,000 iwapo mtu amekufa kwa ajali ya nadra, kama ya treni. Basi mume anauawa garini, Neff anapanda treni kwa jina lake akiegemea magongo, kwa kuwa mume alikuwa amevunjika mguu, anaruka kutoka behewa la nyuma, na maiti inalazwa relini. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Kamera inabaki kwenye uso wa Stanwyck, mikono kwenye usukani, macho mbele, na hapo ndipo unapomjua mwanamke huyu ni nani.

Barton Keyes (Edward G. Robinson), mchunguzi wa madai, ananusa kitu. Marehemu alivunjika mguu akiwa tayari na bima ya ajali, lakini hakudai hata senti. Huenda hakujua kwamba ana bima. Hakuna bastola wala alama ya vidole katika ugunduzi huo, ni fomu ambayo haikujazwa tu, na ndiyo sababu filamu hii inawazidi wengi walioiga baadaye.

Chanzo chake ni kisa cha kweli. Mwaka 1927, Queens, New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth baada ya kumkatia bima yenye kifungu kama hicho. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme Januari 1928. James M. Cain, aliyewahi kuwa mwanahabari jijini humo, aliandika hadithi iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Liberty mwaka 1936. Studio ziliitamani, lakini wasimamizi wa kanuni za maadili za Hollywood waliiona haifai, ikakaa kwa miaka kabla studio ya Paramount haijampa mwongozaji Billy Wilder. Mwenzake wa kuandika, Charles Brackett, hakuitaka. Akaletwa Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya ambaye hakuwahi kuandika filamu. Hawakuelewana hata kidogo, lakini mazungumzo waliyotoa ni makali kuliko ya kitabuni. Chandler mwenyewe yupo kwenye picha: karibu na dakika ya 16, Neff akitoka kwa Keyes, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha koridoni akisoma.

Tukio lenye presha kuliko yote ni lile la gari kugoma kuwaka baada ya maiti kuachwa relini. Wilder alilipata pale gari lake mwenyewe lilipokataa kuwaka. Akarudi mbio kabla seti haijavunjwa. Mpiga picha John F. Seitz naye alipuliza vumbi laini la rangi ya fedha sebuleni ili mwanga unaopenya kwenye vibao vya dirisha uonekane hewani. Ndiyo maana nakala iliyofifia inakunyima nusu ya filamu. Tafuta iliyosafishwa, na hakikisha ni ya 1944, kwa kuwa ipo ya televisheni ya 1973 yenye jina hilohilo.

Kasoro zipo. Mlango wa nyumba ya Neff unafunguka kuelekea koridoni, jambo lisilo la kawaida, ili tu Phyllis apate pa kujificha Keyes anapotoka. MacMurray anaonekana na pete ya ndoa ilhali Neff ni kapera. Sehemu za binti wa kambo wa Phyllis na mchumba wake zinapoa. Wigi la Stanwyck lililalamikiwa tangu mwanzo, ila linafaa: mwanamke huyu ni bandia kuanzia nywele.

Wilder alipiga pia tukio refu la Neff akiuawa kwenye chumba cha gesi, kwa gharama kubwa, kisha akalitupa. Alifanya vyema. Filamu nzima Keyes hana kiberiti, na Neff ndiye anayemwashia sigara. Mwishoni Neff yuko chini mlangoni, na Keyes ndiye anayewasha.