French Quarter au Garden District?

Una siku moja tu New Orleans, Marekani: utembee mtaa upi? French Quarter ndiko mji ulikoanzia mwaka 1718. Jina linataja Wafaransa, lakini mioto ya 1788 na 1794 iliteketeza sehemu kubwa, mtaa ukajengwa upya chini ya Wahispania, waliotawala wakati huo. Nyumba zimeshikana kuta, ua umefichwa ndani, roshani zinaning'inia juu ya njia. Katika jengo la Cabildo, Louisiana ilikabidhiwa Marekani mwaka 1803.

Garden District ni majumba ya karne ya 19, yenye nguzo na bustani, yaliyojengwa kwa fedha za pamba na sukari, yaani jasho la watumwa. Pazuri, ila utachungulia tu kutoka nje ya uzio. Mimi naanza Quarter asubuhi, walevi wakiwa bado wamelala, kisha napanda tramu ya St. Charles kwenda Garden District.