Programa ya volti 12 niliyoiunga mwenyewe: imefufua chipu tatu, ya nne nimeiua mimi

Kwenye kopo langu la vipuri zilikuwamo chipu nne za ATtiny85 (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ambazo kompyuta ilishazikataa. Kila nikichomeka programa ya kawaida (kifaa cha kuandikia programu kwenye chipu), utambulisho wa chipu unasoma sifuri tupu. Chanzo ni tamaa yangu. Chipu hii ina miguu minane: miwili ya umeme, sita ya kazi, na katika hiyo sita mmoja ndio riseti, wa kuianzisha chipu upya. Nami nikautaka na huo. Nikaizima riseti kwenye fyuzi (mipangilio iliyoandikwa ndani ya chipu, si fyuzi ya umeme), mguu nikaupata, ila programa ya kawaida huingilia hapo hapo kwenye riseti. Nikawa nimejifungia nje.

Dawa yake ni Arduino Uno (ubao mdogo unaoprogramika), bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu), rezista chache za kilo-omu 1, transista moja ya 2N2222 na umeme wa volti 12. Arduino inaipa chipu volti 5, na papo hapo volti 12 zinatua mguu namba 1, kabla programu iliyomo haijaamka. Chipu ikiziona hizo inafungua, fyuzi iseme itakavyo.

Kuunga waya ni kazi ya nusu saa. Mimi nilitumia jioni mbili, na ya kwanza yote imeliwa na transista. Hizi 2N2222 za plastiki zinafanana kama mapacha, lakini nyingine miguu yake imepangwa emita-besi-kolekta na nyingine kinyume chake. Yangu ilikuwa kinyume. Pima kwa mita kabla ya kuichomeka, usiamini picha.

Sasa adapta. Imeandikwa volti 12, nikaiamini, chipu ya kwanza ikapata moto mpaka kidole kikaruka. Kuja kupima, bila mzigo inatoa volti 16 na ushei! Mguu wa riseti mwisho wake ni volti 13, na kazi hii inataka kati ya 11.5 na 12.5. Nikaweka 7812, kidhibiti cha volti 12, katikati, mambo yakatulia. Marehemu bado yumo koponi.

Zilizobaki ziliitika zote. Ya kwanza kuitika ilinipa raha kuliko zote: skrini ikaandika fyuzi ya juu 5F (riseti imezimwa), nikabonyeza kitufe, ikarudi DF ya kiwandani. Kufumba na kufumbua. Na programu yangu ya zamani ilikuwa bado imo! Ila taa iliyokuwa ikiwaka kila sekunde sasa inasubiri sekunde nane. Nilidhani nimeharibu kitu, kumbe programa imerudisha na fyuzi ya chini kwenye 62 ya kiwandani, saa ya ndani inayoendesha chipu ikashuka kutoka megahezi 8 hadi 1. Nikaandika E2 kwa programa ya kawaida, mwendo ukarudi.

Nisiisifu kupita kiasi. Kama chipu imefungwa kwa biti za kufuli, fyuzi hazibadiliki mpaka uifute yote, na programu inakwenda na maji. Anayetaka kunyofoa kazi ya mtu mwingine hapa hapati kitu. ATmega328P, chipu nyingine kubwa zaidi, nayo haimo: hiyo hufunguliwa kwa njia sambamba yenye msitu wa waya, ni mradi mwingine kabisa. Na kama kosa lako ni kuchagua kristali ya nje (kipande cha kuipa chipu mapigo ya saa) ambayo hukuiweka, huhitaji volti 12 hata kidogo. Weka kristali, chipu itaitika.

Bredibodi ndiyo inayoniudhi. Waya wa hasi ukilegea kidogo, inasoma FF kila mahali na wewe unaanza kuilaumu chipu. Nimeshanunua kipande cha ubao wa kulehemu na soketi ya miguu minane. Nitaongeza na taa nyekundu ya kuonyesha kwamba volti 12 zipo hewani, maana juzi nimechomoa chipu umeme ukiwa umewaka.