Injini ya Kuja Kufungwa Turbo: Kabla Hujalipa, Mwambie Muuzaji Afungue Sampu

Mwaka jana, tukiwa katikati ya mlima Kitonga kuelekea Iringa, Toyota Mark II yangu GX110 ilianza kutoa moshi wa bluu mzito kiasi kwamba dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu alipunguza mwendo akaacha nafasi ya kuingia magari matatu. Chini ya boneti haikuwamo tena ile injini ya 1G-FE iliyokuja na gari. Nilikuwa nimeiondoa na kufunga 1JZ-GE (isiyo na turbo) ya VVT-i, yaani mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu, niliyoinunua kwenye duka moja la spea zilizotumika, Ilala, kwa shilingi 2,800,000, na miezi saba kabla ya safari ile nilikuwa nimeiongezea turbo ndogo yenye msukumo wa 0.6 bar tu. Nilipofungua boneti nilikuta kijiti cha kupimia oili kimesukumwa nje ya bomba lake na oili imetapakaa hadi kwenye betri. Fundi alipopima kompresheni siku ya pili, silinda tano zilikuwa salama, ila ya 6, ile ya mwisho iliyo karibu na ukuta wa kabini, ilisoma psi 60 tu.

Pistoni ile bado ninayo. Uso wake ni mzima, hauna tundu wala dalili ya kuyeyuka, na ndiyo maana watu wengi niliowaonyesha walidhani ninatania. Ukiigeuza ubavu ndipo unaona: ule ukuta mwembamba wa aluminiamu kati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika kipande chenye urefu wa kidole gumba, na ringi yenyewe imevunjika mara tatu. Ncha mbili za ringi, ambazo hazikutakiwa kugusana maisha yake yote, zinang'aa kama zilizopigwa msasa.

Sababu yake si siri. Turbo inaposukuma kwa 0.6 bar, silinda hupokea takriban mara moja na nusu ya hewa iliyokuwa ikiivuta yenyewe, petroli huongezeka kwa kadiri hiyo, na joto zaidi la mwako hutua juu ya pistoni. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini hulegea mapema sana kabla ya hapo. Na ringi ya juu ikipata joto hurefuka mpaka ncha zake zikutane, zikishakutana hazina pa kwenda, basi hukwaruza silinda na kung'oa ule ukuta unaozishika. Toyota walilijua hilo tangu zamani. Kwenye 1JZ-GTE na 2JZ-GTE, ambazo zilitoka kiwandani na turbo, waliweka chini ya kila silinda kijibomba kilichopinda, chembamba kuliko kalamu, kinachorusha oili kwenye tumbo la pistoni ili kuipooza. Mafundi wanakiita jeti ya oili. Kwenye 1JZ-GE na 2JZ-GE hazimo. Tulipoilaza bloku yangu na kuimulika kwa tochi, mahali ambapo GTE huwa na jeti palikuwa na chuma kitupu.

Muuzaji alikuwa ameniambia, "Dada yangu, 1JZ ni 1JZ, bloku ni ileile, turbo utafunga hata kesho." Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo nusu iliyoniponza. Bloku zote mbili ni za chuma, zote zina silinda za kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 71.5. Lakini yangu ilikuwa na uwiano wa kompresheni, yaani kiasi silinda inavyobana hewa na petroli, wa 10.5 kwa 1 dhidi ya 9.0 kwa 1 wa GTE ya VVT-i, na haikuwa na jeti. Kuhusu kompresheni nilikuwa nimejiandaa, kwa kuwa kila mtu huizungumzia na nilishusha msukumo kwa ajili yake. Kuhusu jeti hakuna aliyenigusia, si muuzaji, si fundi aliyefunga turbo, wala marafiki waliokuja kuisikiliza ikilia.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitashughulika na ulaji wa mafuta, wala gia boksi, wala idadi ya nguvu farasi ambayo jirani yako anadai kuipata. Hayo utayasikia popote. Ninapanga injini kwa swali moja: ukija kuisukumia hewa, ni nani atakayeipooza pistoni kutoka chini? Na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Toyota, spea zake ninazijua kwa majina, na sina nia ya kujifanya hakimu.

Nafasi ya kwanza ninaipa 2GR-FE, ile V6 ya lita 3.5 inayopatikana kwenye Vanguard, Harrier, Estima na Alphard za injini kubwa. Wengi wanaipita kwa sababu inakaa kwenye magari ya familia, na mimi ninafurahi waendelee kuipita. Ina jeti za oili tangu kiwandani ingawa haikuja na turbo, inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na petroli yake inanyunyiziwa kwenye njia ya hewa, si ndani ya silinda, jambo linalofanya iwe rahisi kubadilisha nozeli kubwa baadaye. Uwiano wake wa 10.8 kwa 1 unatisha ukiusoma kwenye karatasi. Hata hivyo Lotus, watengenezaji wa magari ya kasi, waliichukua injini hii, wakaifunga supachaja na kuiweka kwenye gari lao Evora S mwaka 2010, wakatoka kwenye nguvu farasi 280 hadi takriban 350, na gari likauzwa kwa wateja wa kawaida waliolitumia barabarani kila siku. Ndiyo maana kwa injini hii ninashauri supachaja inayozungushwa na mkanda badala ya turbo: nafasi kati ya V6 iliyolala kando na ukuta wa kabini ni finyu mno kwa turbo na mabomba yake ya moshi. Ukinunua, tazama bomba la oili linalopeleka shinikizo kwenye VVT-i. Zile za mwanzo zina kipande cha mpira, na mpira huo ukipasuka injini humwaga oili yote kwa muda mfupi sana. Badilisha uweke bomba la chuma kabla hata ya kuwasha.

Nafasi ya pili ni JZ, yaani 1JZ na 2JZ, na hapa moyo wangu haujatoka licha ya Kitonga. Ukiweza kumudu 1JZ-GTE nzima, nunua hiyo na uachane na mpango wa "baadaye", kwa kuwa baadaye hugharimu zaidi. Tatizo ni bei. Tangu vijana waanze kuona mtandaoni magari yenye 2JZ yakitoa moto nyuma, muuzaji akisikia herufi hizo tatu anaacha kuuza injini na kuanza kuuza jina. Nimeonyeshwa 2JZ-GE ya kawaida, yenye kutu kwenye njia za maji, ikitajiwa bei ambayo miaka michache nyuma ungepata GTE na kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Ukibaki na GE, iwe 1JZ ya Mark II na Chaser au 2JZ ya Crown, Aristo na Altezza Gita ya lita 3, unayo bloku ya chuma isiyo na mfano, lakini panga kuifungua kabla ya turbo, si baada yake. Mwambie fundi apanue mwanya kati ya ncha za ringi ya juu. Kwa silinda ya milimita 86 wajenzi wa injini za turbo huacha takriban nusu milimita. Bakia kwenye msukumo mdogo, ongeza rejeta ya oili, na kwa 2JZ-GE ya VVT-i ukumbuke kwamba konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na krank, ni nyembamba kuliko za GTE. Karakana nzuri ya mashine inaweza pia kutoboa bloku na kukufungia jeti, ila umsimamie mtu huyo mwenyewe, kwa sababu tundu likipotoka jeti itarusha oili kwenye ukuta wa silinda badala ya pistoni.

Ya tatu ni 2ZZ-GE, injini ya lita 1.8 iliyokuwa kwenye Celica na kwenye Runx Z yenye nguvu farasi 190. Ina jeti, na hii nayo Lotus waliifunga supachaja kwenye Exige S bila kushusha kompresheni yake ya 11.5 kwa 1. Nimeiweka ya tatu kwa sababu silinda zake zina ukuta wa mchanganyiko maalumu wa aluminiamu ambao huwezi kuuchonga kwa mashine za kawaida ukaweka pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali, kwa hiyo ukinunua iliyokwaruzwa umenunua pambo la gereji.

Sipendi kukiri, lakini K20A ya Honda Type R ina jeti na ni injini iliyoundwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa aliye na fundi wa Honda anayemwamini, aende nayo. RB25DET ya Nissan pia inazo, ingawa hiyo tayari ina turbo. Kuhusu Subaru, EJ20 isiyo na turbo ina bloku iliyo wazi juu, silinda zimesimama kama vikombe visivyoshikwa pembeni, na mtu anayekwambia utaifunga turbo bila kuifungua anasubiri akuuzie nyingine.

Kuna kundi moja ninaloomba uliepuke kabisa, nalo ni D4, injini za Toyota zinazonyunyizia petroli ndani ya silinda. Muuzaji atakuonyesha 1JZ-FSE iliyotoka kwenye Brevis au Progres na kukwambia kwamba nayo ni 1JZ. Petroli yake inaingia moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, kompresheni yake ni 11 kwa 1, na siku utakapotaka kuongeza petroli ili ifuate hewa ya turbo utakuta pampu na nozeli zimefika mwisho wa uwezo na hakuna dukani kwetu anayeuza kubwa zaidi. 4GR-FSE ya Mark X ya lita 2.5 ina ugonjwa huohuo na kompresheni ya 12 kwa 1. Ni kweli kwamba Modellista, kampuni ndugu ya Toyota, iliwahi kuuza Mark X ya lita 3 yenye supachaja na nguvu farasi 320. Kazi hiyo ilifanywa na watu wenye maabara. Wewe una gereji yenye bati na jenereta.

Za bei ndogo, yaani 1NZ-FE ya Vitz na Probox na 1ZZ-FE ya Corolla, ziache zifanye kazi yake. 1ZZ za mwanzo zilikula oili zikiwa hazijasukumwa na chochote.

Sasa namna ya kukagua. Kwenye JZ sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ina vipande viwili, cha juu cha aluminiamu na cha chini cha bati. Fungua boliti za kile cha chini, ingiza tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, kisha zungusha krank kwa spana hadi pistoni mbili zipande juu. Jeti ikiwapo utaiona imefungwa kwa boliti chini ya silinda, mdomo wake ukitazama juu. Kazi yote ni nusu saa na siliconi ya kufungia upya. Nimelipia siliconi hiyo mwenyewe mara nne mwaka huu, na bado wauzaji wawili walikataa, mmoja akisema kwamba injini ya Japani haifunguliwi dukani na mwingine akisema kuwa mteja mwenye nia hafungui sampu, analeta hela. Wauzaji haohao hawana gharantii hata ya siku moja, hukata waya za injini kwa msumeno wakati wa kupakia kontena, na kontroli boksi iliyokuja na injini huihifadhi kwenye droo ili waiuze peke yake. Ukiuliza, unaambiwa ndiyo biashara ya spea ilivyo.

Mwezi uliopita nilipata bloku tupu ya 1JZ-GTE, kwa kuwa hedi yangu ya GE, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ni nzima na nitairudisha juu yake. Safari hii muuzaji hakunikatalia kitu. Aliilaza mwenyewe, akanishikia na tochi, na nilipochungulia nikaona matundu sita ya jeti yamechongwa sawasawa, safi, na ndani yake hamna kitu. Nilipomgeukia alikuwa ameshafungua droo. Jeti zilikuwa humo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, moja shilingi 45,000.