Nyumba tupu au yenye samani: ipi umwonyeshe mnunuzi?

Unauza nyumba Tabata au Kimara, Dar es Salaam, dalali kasema wateja wanakuja Jumamosi. Utoe vyombo vyote au uviache?

Nyumba tupu haina siri. Mnunuzi anafungua kila kabati la jikoni, anapima kwa hatua kama kitanda cha futi sita kwa sita kitaingia. Lakini ukuta nao unasema kila kitu. Huku Pwani, chumvi ikishapanda kutoka kwenye msingi, rangi huvimba na kubanduka, lipu inadondoka kama unga. Ukiondoa kochi, doa linabaki linakutazama. Usidhani utalificha kwa mkono mmoja wa rangi, chumvi itaisukuma tena. Bandua lipu iliyooza, piga nyingine, iache ikauke kabisa, ndipo upake. Halafu chumba kitupu huonekana kidogo kuliko kilivyo. Ajabu, lakini ndivyo.

Yenye samani humkaribisha mgeni: anakaa, feni inampepea, anaanza kupanga TV yake itakaa wapi. Ila ziwe chache. Makochi seti mbili, kabati la vyombo na maua ya plastiki huifanya sebule ikose pumzi. Picha za harusi nazo zishushe, anayenunua anataka kujiona yeye.

Mimi ningeacha sebule na chumba kikuu, vingine nivitoe. Choo hakina mjadala: bomba linalovuja litengenezwe kabla ya Jumamosi, maana mnunuzi atalitumia kukushusha bei.