Tangawizi au kujifukiza: sauti ya mwimbaji wa korali

Kila kiangazi Lubumbashi, kati ya Mei na Septemba, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu hukausha koo, na kwenye mazoezi ya korali swali hurudi: chai ya tangawizi au kujifukiza?

Tuangalie kwanza kipi kinafika wapi. Chai hushuka tumboni. Haipiti kwenye nyuzi za sauti, na ikipotea njia kidogo tu unapaliwa. Faida yake ni joto la koo na maji ya mwili, nayo maji hayo hayafiki huko papo hapo. Kikombe cha haraka kabla ya kushika mikro hakiokoi sauti. Ndugu waimbaji, anzeni kunywa tangu jana yake! Mvuke huvutwa pamoja na hewa, hugusa nyuzi zenyewe. Hapa kujifukiza kunashinda waziwazi.

Kwa urahisi, chai inashinda: unaibeba kwenye termosi. Kujifukiza kunataka makala ya kuchemshia maji, beseni, kitambaa na nafasi tulivu, mbali na watoto, maana maji ya moto huunguza vibaya.

Unaimba ibada mbili mfululizo? Beba termosi. Umeamka koo kavu na una muda? Jifukize. Mwenye kiungulia, tangawizi kali inaweza kumzidishia, na asidi ikipanda huwasha koo.

Sauti ikishakwaruza, vyote viwili havikupi ruhusa ya kuimba kwa nguvu. Nyamaza, hata kunong'ona acha. Ikizidi wiki 3, muone daktari wa koo.